Anayekwenda Mloka achague IST ya kwanza

Mnunuzi wa gari dogo nchini huanza kwa kuuliza namba. Ni namba C, ni D, au tayari ni E? Herufi hiyo moja kwenye kibao imekuwa kama cheti cha kuzaliwa, na madalali wanaijua nguvu yake, ndiyo maana hutangaza herufi kabla ya kutangaza hali ya gari. Lakini herufi inaeleza siku gari lilipoandikishwa Tanzania, haielezi siku lilipotoka kiwandani. Toyota IST iliyotengenezwa mwaka 2004 ikakaa Japani hadi 2019 itavaa namba D, na nyingine ya mwaka huohuo iliyoshushwa bandari ya Dar es Salaam mapema itavaa B au C. Umri wa vyuma ni uleule, raba za bushi zimekauka kwa miaka ileile, ila bei zinatofautiana kwa mamilioni kwa sababu ya herufi. Swali la pili la mnunuzi ni la umbo: ni IST ya zamani au ni mpya? Hili walau linagusa gari lenyewe, kwa kuwa kizazi cha kwanza kilitoka Japani mwaka 2002 na cha pili kikakipokea mwaka 2007, kikaendelea hadi 2016. Hata hivyo jibu lake limeshakuwa la mazoea, kwamba mpya ni bora na ya zamani ni ya asiyekuwa na uwezo.

Hoja yangu ni kwamba gari dogo la bei nafuu hupimwa kwa barabara litakayotembea kila wiki. Ukilipima hivyo kwa mtu wa Mloka, Mwaseni, Mkongo au Kibiti, katika ukanda wa Mto Rufiji, IST ya kizazi cha kwanza iliyotunzwa vizuri inaishinda ya kizazi cha pili, japokuwa ya pili ni changa kwa miaka na ghali zaidi kwa bei. Nalisema hili nikijua kwamba kwa watu wengi wa huko gari ndilo ununuzi mkubwa kuliko wote baada ya nyumba. Muuza ufuta aliyeuza msimu mzuri, mwalimu aliyechukua mkopo wa mshahara, muuguzi wa zahanati, kijana anayeongoza watalii kwenye kambi za karibu na lango la hifadhi la Mtemere, hawa hawana fedha ya kununua mara mbili. Wakikosea, gari linakaa juu ya matofali nyuma ya nyumba na mkopo unaendelea kukatwa.

Tuitazame barabara yenyewe. Kutoka Dar es Salaam kupitia Mbagala, Mkuranga, Jaribu Mpakani na Bungu hadi Kibiti ni lami, kilomita 140 hivi, na gari lolote dogo zima huimaliza bila malalamiko. Ukikata kulia Kibiti kuelekea Mkongo, Ngorongo, Mtanza, Mwaseni hadi Mloka, unaingia takribani kilomita 100 ambazo kwa sehemu kubwa ni udongo na changarawe. Kiangazi kuna vumbi jembamba linaloingia kila penye upenyo, na vijituta vya mfululizo vinavyolitikisa gari mpaka skrubu za dashibodi zinalegea. Masika kuna tope la udongo mfinyanzi, madimbwi yasiyoonyesha kina, na vijito vinavyokatiza njia. Mizigo ya Bwawa la Julius Nyerere, mradi wa megawati 2,115 ambao jiwe lake la msingi liliwekwa Julai 2019, iliongeza malori mazito katika ukanda huu, na lori likipita juu ya tope huacha mitaro miwili ambayo magurudumu ya gari dogo hayafiki chini yake bila tumbo kugusa tuta la katikati. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti yaliwakumbusha wote kuwa bonde hili ni la mto kabla ya kuwa la magari. Hiyo ndiyo njia ambayo gari la mtu wa Mloka litapita akienda benki, akimpeleka mgonjwa hospitali, akifuata bidhaa za duka.

Sasa tuyalinganishe magari. Vizazi vyote viwili vina injini moja maarufu, 1NZ-FE ya cc 1,497, na kile cha kwanza kilikuwa pia na ndogo yake, 2NZ-FE ya cc 1,298, huku cha pili kikiongezewa toleo la cc 1,797. Injini za familia ya NZ zinatumia cheni badala ya mkanda, kwa hiyo mwenye gari hana ile hofu ya mkanda kukatika porini na valvu kupinda. Zimefungwa pia kwenye Vitz, Funcargo, Raum, Spacio, Probox, Premio na Allion, maana yake fundi wa Kibiti ameshaifungua mara nyingi kabla hajaiona ya kwako, na plagi, koili au pampu ya maji ikihitajika, mtu wa Ilala au Gerezani ataiweka kwenye basi la jioni. Kwa upande wa injini, basi, anayelipa zaidi apate IST mpya ya cc 1,500 ananunua moyo uleule. Analolipia ni bodi na giaboksi.

Bodi ya pili ni ndefu zaidi, milimita 3,930 dhidi ya 3,855, na ni pana zaidi, milimita 1,725 dhidi ya 1,695. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma umeongezeka kutoka milimita 2,370 hadi 2,460. Kwenye lami, tofauti hizo ni raha, kwa kuwa gari linatulia kwenye mwendo na abiria wa nyuma anapata pa kuweka magoti. Kwenye njia yenye tuta la katikati mambo ni tofauti. Ekseli zikiachana, sehemu ya chini iliyo kati yake ndiyo inayobeba hatari ya kugusa, na gari fupi hupita juu ya mgongo wa udongo ambao refu linaukwaruza. Kizazi cha pili pia ni kizito zaidi kwa takribani kilo 100. Uzito huo ni kama kubeba abiria mmoja na begi lake kila siku, na bushi na shokapu zinaubeba hata siku ambayo dereva yuko peke yake.

Giaboksi ndiyo inayonifanya niegemee upande mmoja bila kusita. IST ya kwanza ina otomatiki ya gia nne ya mtindo wa kale, inayotumia haidroliki ya kawaida ambayo Toyota waliipa jina la T-IV. Ya pili, kwa sehemu kubwa ya magari yanayoletwa hapa, ina giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za hatua. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazojipanua na kujibana. Ni uhandisi mzuri. Unaokoa mafuta na unaendesha bila mshtuko. Lakini unadai mafuta ya aina yake, na ukiupa haidroliki ya otomatiki ya kawaida, mkanda unateleza, puli zinachubuka, na kuanzia hapo gari linanguruma bila kwenda. Tatizo hili nchini si la kufikirika. Maduka mengi ya vijijini na hata ya miji midogo yana dumu moja tu la haidroliki, jekundu, na fundi asiyeambiwa tofauti hulimimina kwa nia njema kabisa. Ongeza tope. Gari linapokwama na dereva akakanyaga mafuta magurudumu yakizunguka papo kwa papo, giaboksi ya aina yoyote hupata moto, ila CVT ndiyo yenye uvumilivu mdogo zaidi kwa mateso hayo. Ile ya gia nne ikiharibika, yupo fundi wa kuifungua. CVT ikiharibika, ushauri unaotolewa na mafundi wengi ni kununua nyingine ya mtumba, nayo historia yake huijui.

Wapo watakaosema IST yoyote ni fupi mno kutoka chini, kwa hiyo dawa ni kulinyanyua gari. Desturi hii imeenea: fundi anaweka vipande vya chuma au raba ngumu juu ya shokapu, gari linapanda kwa inchi moja au mbili, mwenye gari anaondoka akitabasamu. Sikatai kwamba kipande kidogo cha kiasi husaidia. Lakini kadiri gari linavyopanda ndivyo vyuma vinavyozungusha magurudumu vinavyokaa kwa pembe ambayo havikuumbiwa, mipira inayofunika grisi inachanika, vumbi linaingia, na baada ya muda unasikia mlio wa kakakaka kila unapokata kona. Gari lililonyanyuliwa sana pia huyumba kwenye lami ya Mkuranga likiwa mwendo wa kasi. Afadhali fedha hiyo iende kwenye bamba imara la kukinga sampu, shokapu mpya na matairi yenye ukuta mnene kidogo, na dereva ajifunze kupandisha tairi moja juu ya mgongo wa katikati badala ya kuliacha tumbo lipite juu yake.

Pingamizi kubwa dhidi yangu ni la mafuta, na linastahili hesabu. EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwaka 2022 na tena 2023 petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita Dar es Salaam. Ikifika Mloka kwenye chupa na madumu ya kando ya njia inakuwa imepanda tena. Tangu mwaka 2017, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na fedha yake kuhamishiwa kwenye lita ya mafuta, kila anayetembea sana analipa zaidi. Tuchukue basi shilingi 3,000 kwa lita, tuipe IST ya kwanza kilomita 14 kwa lita na ya pili yenye CVT kilomita 17. Ya kwanza inakula shilingi 214 kwa kilomita, ya pili 176. Kwa mtu anayetembea kilomita 10,000 kwa mwaka, tofauti ni kama shilingi 380,000. Ni fedha ya kweli, inalipia ada ya mtoto. Lakini hesabu hiyo imeipendelea ya pili, kwa sababu faida ya CVT huonekana kwenye mwendo wa lami ulio sawa. Kwenye vumbi la kupunguza na kuongeza mwendo kila baada ya mita hamsini, huku gari likiwa zito zaidi, pengo linapungua. Na tofauti ya bei ya kununulia, ambayo ni mamilioni, inahitaji miaka mingi ya akiba hiyo kabla haijarudi, iwapo giaboksi itakubali kusubiri miaka hiyo.

Pingamizi la pili ni la kodi. Wengi wanaamini gari la karibuni linakwepa ushuru wa uchakavu, na kwa miaka mingi imani hiyo ilikuwa na msingi. Utaratibu uliozoeleka wa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa gari la abiria la cc zaidi ya 1,000 hadi 2,000 ni ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, VAT asilimia 18, na juu yake uchakavu wa asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 likivuka hapo. Gari ambalo TRA imelithamini kwa shilingi milioni 5 likiwa zee kupita miaka kumi hulipa kodi zinazokaribia milioni 5 nyingine; lingekuwa changa lingelipa chini ya milioni 3 kwa thamani hiyohiyo. Lakini IST ya mwisho ilitengenezwa mwaka 2016, na mwaka 2026 hata hiyo inafikisha miaka kumi. Karibu kundi lote la IST sasa linaingia kwenye kapu moja la uchakavu. Anayeagiza ya 2012 halipi asilimia ndogo kuliko anayeagiza ya 2005. Analipa asilimia ileile juu ya thamani kubwa zaidi. Hapa naona pia kasoro ya sera, maana ushuru unaohesabu mwaka wa kiwanda hauoni kutu, hauoni giaboksi iliyochoka, wala hautofautishi gari lililotunzwa na lililochakazwa. Kenya imekataa kabisa magari yaliyozidi miaka minane, Uganda imeweka ukomo wa miaka kumi na mitano, sisi tumechagua kutoza. Kutoza ni bora kuliko kukataza, kwa nchi ambayo mwalimu wa kijijini anahitaji gari, ila kungekuwa na haki zaidi kama hali ya gari ingepewa uzito sawa na tarehe yake.

Kuhusu usalama, nakubali sehemu. Bodi mpya imejengwa kwa viwango vya baadaye, na kwenye ajali ya uso kwa uso nisingependa kuwa ndani ya ile ya 2002. Lakini gari la miaka kumi na zaidi, la kizazi chochote, usalama wake umehamia kwenye vitu vinavyobadilishwa: matairi, breki, mikanda na boljointi. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2315 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Magari mengi ya mtumba yanashuka bandarini na matairi yenye kashata nzuri lakini raba ya miaka kumi, nayo hupasuka kwenye joto la barabara ya Kibiti mchana. Mwenye kununua IST ya zamani kwa bei ya chini na kubaki na fedha ya matairi manne mapya na breki kamili yuko salama zaidi ya aliyejikamua kununua mpya akabaki na matairi iliyokuja nayo. Hilo nalisema bila wasiwasi, maana watu wanakufa kwenye barabara ile.

Kwa nini asinunue gari jipya la dukani? Lipo, kama Toyota Starlet ya sasa inayotengenezwa na Suzuki nchini India na kuuzwa Afrika tangu 2020. Halina uchakavu wa kodi, lina dhamana. Bei yake ni mara kadhaa ya IST, na dhamana hiyo inadai huduma za kila kipindi kwenye karakana iliyoidhinishwa, ambayo kwa mtu wa Mloka ni safari ya siku nzima kwenda na nyingine kurudi. Vitz na Passo za cc 996 zina nafuu ya kodi, kwani injini isiyozidi cc 1,000 haitozwi ile asilimia 5 ya ushuru wa bidhaa, na mjini zinafaa sana. Zikiwa na watu watano na gunia la mchele kwenye mchanga wa Ngorongo zinaishiwa pumzi. Probox ndiyo mshindani wa kweli: injini ni ileile ya NZ na nyuma inabeba mzigo wa maana. Mfanyabiashara wa duka namshauri hiyo bila ubishi. Mwenye familia asiyebeba mzigo kila wiki, IST inampa viti na utulivu anaouhitaji.

Nimesema iliyotunzwa, na neno hilo lina uzito wake. Tangu huduma ya teksi za mtandao ya Uber ianze Dar es Salaam mwaka 2016, na nyingine zikafuata, IST imekuwa gari la kazi la jiji, na nyingi zilizo sokoni leo zimezunguka usiku na mchana. Kilomita za kwenye dashibodi hurudishwa nyuma kwa dakika chache. Kwa hiyo asome gari: usukani uliong'aa kwa viganja, kanyagio la breki lililolika, kiti cha dereva kilichozama upande mmoja, haidroliki yenye harufu ya kuungua, gia inayochelewa kuingia unapotoa N kwenda D. Atazame chini ya mazulia kama kuna mchanga mwembamba na kutu kwenye reli za viti, dalili ya gari lililozama. Baada ya mafuriko ya Jangwani na yale ya Rufiji, magari hayo yapo, yamekaushwa na kupuliziwa manukato. Namba B ya mtumishi mstaafu aliyekwenda nayo kazini na kanisani au msikitini ni bora mara mia kuliko namba D iliyolala barabarani Sinza kila usiku.

Hukumu yangu imefungwa na barabara, na barabara ikibadilika nitaibadilisha. Lami ikitoka Kibiti hadi kwenye geti la hifadhi, vijituta na tuta la katikati vitaondoka, mwendo utakuwa wa sawasawa, na zile shilingi 38 za kila kilomita zitaanza kuhesabika kikamilifu. Siku hiyo, kama maduka ya Kibiti yatakuwa yanauza mafuta halisi ya CVT na kuna fundi mmoja anayejua kuifungua, nitamshauri mwalimu wa Mwaseni aongeze fedha achukue ya kizazi cha pili. Kwa sasa achukue ya kwanza, ya cc 1,300 kama safari zake nyingi ni za peke yake na ya cc 1,500 kama hubeba watu, na salio alitumie kwenye matairi, shokapu na bamba la sampu kabla gari halijavuka Mkongo.